Kumbukumbu ya mradi: giaboksi ya pikipiki ya Matchless G3LS ya mwaka 1958

Giaboksi imekwisha kufungwa juu ya meza, gia zote nne zinaingia kwa mkono, na kiki inashuka na kurudi bila kukwaruza popote. Kabla sijairudisha kwenye fremu nimeona niandike yaliyofanyika, kwa sababu karibu kila nitakachokieleza kinamhusu pia mwenye AJS au Norton ya miaka hiyo, na nina hakika bado zipo kadhaa zilizoegeshwa chini ya miembe hapa Tabora zikingoja mtu wa kuzijali.

Pikipiki hii ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 348, ilikuwa ya baba mkubwa, aliyezungukia nayo mashamba ya tumbaku ya Urambo hadi giaboksi ilipomchosha. Iliyoitengeneza ni kampuni ya Associated Motor Cycles ya Plumstead, London, ambayo hadi mwaka 1956 ilikuwa ikinunua giaboksi kutoka Burman, kisha ikaanza kufunga za kwake katika Matchless, AJS na Norton. Kampuni yenyewe ilianguka mwaka 1966, lakini muundo wa giaboksi ulirithiwa na pikipiki ya Norton Commando, na kwa kuwa Commando ina wapenzi wengi duniani, spea nyingi za ndani bado zinatengenezwa Uingereza. Hiyo ni bahati ambayo wenye giaboksi za Burman hawana.

Ugonjwa wa giaboksi yangu ulikuwa wa kuchagua. Gia ya tatu iliruka, yaani ilichomoka yenyewe, mara tu injini ilipobeba mzigo, ya kwanza iliruka mara mojamoja, ilhali ya pili na ya nne hazikuwahi kusumbua. Karibu kila fundi niliyemweleza alinishauri ninunue gia mpya, na sikukubaliana nao. Katika giaboksi hii gia zinazoteleza ni mbili tu: moja iko juu ya shafti kuu, nayo ndiyo huleta ya pili na ya nne, nyingine iko juu ya shafti ya chini, nayo huleta ya kwanza na ya tatu. Kama zinazoruka ni zile za shafti ya chini peke yake, basi swali la kwanza ni kama shafti hiyo imekaa sawasawa, kwa maana meno ya kushikia, yale ya ubavuni mwa gia, yakikutana kwa mshazari hayawezi kushikana hata yakiwa mapya kabisa. Dalili ya pili ilithibitisha hivyo: baba mkubwa alikuwa akilalamika kwamba pedeli ya kiki inashuka yenyewe akivuta mafuta. Mwisho wa kulia wa shafti ya chini huzunguka ndani ya bushi (pete ya shaba) iliyomo kwenye shafti ya kiki, ambayo ina uwazi katikati, kwa hiyo shafti ya chini ikiyumba huivuta na kiki.

Nilipofungua mfuniko nilikuta grisi nyeusi iliyochanganyika na vumbi jekundu la barabara zetu. Mtu aliijaza ili kuzuia uvujaji, nao uvujaji ulizuilika, lakini grisi husukumwa pembeni na gia kisha ikabaki hapo, wala haiingii kwenye bushi. Bushi ya shafti ya kiki ilikuwa imeliwa upande mmoja hadi tundu lake likawa na umbo la yai. Nilipoishika shafti kwa vidole viwili na kuitikisa, ncha yake ilicheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Meno ya gia, kwa upande wake, yalikuwa mazima, yenye mng'ao sawa kila mahali. Pembe za meno ya kushikia ya gia ya tatu zilikuwa zimelainika kidogo, si kiasi cha kuzitupa.

Mwisho wa kushoto wa shafti hiyo umebebwa na beringi ya golori iliyozama kwenye tundu lisilotokea upande wa pili. Kinachofurahisha ni kwamba, katika mashine ambayo nati zake zinadai spana za Kiingereza, beringi hii ni ya milimita: 17 kwa 40 kwa 12, yaani namba 6203 ile ile iliyomo katika mota nyingi za umeme na altaneta za magari. Niliipata hapa hapa mjini, nikachagua yenye jina la kuaminika na si ile ya bei ya chini. Wenye Commando hupendelea beringi yenye roli (vipande virefu vya mviringo) badala ya golori, kwa sababu injini zao ni kubwa zaidi ya mara mbili ya hii. Kwangu golori zinatosha.

Kuitoa ya zamani kulihitaji moto badala ya nyundo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo niliweka bati nene juu ya jiko la mkaa, nikalaza kasha juu yake na kungoja hadi tone la maji lilipochemka mara moja. Kisha niligonga kasha kwenye ubao, na beringi ikadondoka kwa uzito wake.

Bushi mpya ilikerezwa kwa shaba nyeusi na kijana mmoja mwenye karakana karibu na stesheni. Alitaka kuimaliza tundu kabisa kabla ya kuisukuma ndani, nami nikamwomba aache nyama kidogo, kwa sababu bushi ikibanwa hupungua. "Mzee, basi tuipime ikiwa imeshaingia," akasema, na ndivyo tulivyofanya: alipitisha rima, kifaa cha kupanulia tundu, taratibu hadi shafti ikazunguka kwa kidole bila kuyumba.

Kupanga bamba la kuchagulia gia ndiko kunakowashinda wengi. Kwadranti, yaani kipande chenye meno kinachozungusha bamba hilo, huinuliwa hadi ukingo wake wa juu uelekeane na stadi ya juu ya kulia ya mfuniko, na bamba huingizwa wakati huo. Jino moja likikosewa, gia moja haitapatikana, na mtu ataanza kulaumu springi isiyo na hatia.

Nati ya sproketi ina uzi wa kushoto, yaani hufunguliwa kwa kuizungusha upande wa kulia, jambo ambalo aliyenitangulia hakulijua, kama alama za patasi zinavyoonyesha. Nimeagiza nyingine pamoja na sili ya nyuma yake, na vyote viwili bado viko njiani. Oili itakuwa ya gia, SAE 90 ya daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya zile za GL-5 zina viambato vinavyoweza kula shaba. Baada ya safari fupi ya kwanza kuelekea Sikonge nitaimwaga yote kwenye sahani nyeupe na kuangalia kama kuna chembe za rangi ya dhahabu, maana hizo zitaniambia kama bushi imebana mno.