Usiku ule Alabama

Tarehe 25 Januari 2024 nilikuwa jikoni kwangu hapa Birmingham, ugali umeshaiva, sikuweza kula. Habari zilisema Kenneth Smith, mfungwa aliyehukumiwa kifo, ameuawa katika gereza la Holman, jimbo la Alabama, kwa gesi ya naitrojeni, mtu wa kwanza kuuawa kwa njia hiyo. Novemba 2022 walishamfunga kitandani wamdunge sindano ya sumu. Wakahangaika kutafuta mshipa hadi muda ukawaishia, wakamrudisha selo. Hebu fikiria kulala na kuamka ukiwa na kumbukumbu hiyo!

Serikali ya jimbo ilikuwa imesema gesi ingempoteza fahamu haraka. Walioshuhudia walimwona akitetemeka na kujipinda kwa dakika kadhaa.

Simtetei kwa alichofanya. Mama wa watu aliuawa kikatili mwaka 1988, na wanawe wanaishi na pengo hilo. Ila wajumbe 11 kati ya 12 wa baraza la mahakama walitaka afungwe maisha, jaji akawapuuza, akamhukumu kifo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, mzee mmoja tunayesali naye aliniambia, "Mwanangu, gesi ni afadhali kuliko kiti cha umeme." Nilimheshimu, nikanyamaza. Machi 2025 South Carolina ikamuua mfungwa kwa risasi, nikamkumbuka mzee yule.