Handbreki ikipanda sana, usikimbilie kebo

Gari la zamani lenye dramu nyuma, yaani breki za chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, handbreki ikianza kupanda mpaka kifuani, wengi humwambia fundi akaze kebo. Itashika siku chache kisha irudi vilevile. Mara nyingi kebo haina kosa: shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zimelika zikawa mbali nayo, na ajasta ya kuzisogeza imeganda kwa kutu. Hapa Mombasa upepo wa chumvi hauisazi. Tena ukikaza kebo kwanza, mkono wa handbreki ndani ya dramu haurudi kikao chake, na kwenye Corolla za miaka ya 90 mkono huo ndio unaoizungusha ajasta. Umeizuia kabisa.

Pima kwa mguu. Pedali ikiwa chini, ukaipampu mara mbili ikapanda na kukaa, shuu ziko mbali. Ikibonyea kama sponji, kuna hewa. Ikizama polepole chini ya mguu, tafuta silinda kuu au uvujaji, wala usipoteze wakati na dramu.

Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa. Legeza nati za magurudumu, weka kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele, toa gia, shusha handbreki. Ukishainua, weka stendi. Jiwe la matumbawe la kujengea usiliamini hata likionekana zima. Hupasuka bila kutoa onyo.

Dramu isipotoka, usiipige ukingoni, itavunjika. Ina matundu mawili ya skrubu: tia bolti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ikisogea kidogo kisha ikakwama, shuu zimenasa kwenye ukingo wa kutu. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bamba linaloshikilia shuu, sukuma kilimi cha ajasta kwa bisibisi nyembamba, na kwa bisibisi ya pili rudisha kile kijigurudumu chenye meno. Bila kukiondoa kilimi, meno hayarudi, na ukilazimisha utayanyoa.

Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa; lainingi za zamani, ile ngozi ya msuguano juu ya shuu, huenda zina asbesto inayodhuru mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa. Sasa angalia: lainingi ikibaki milimita 1, badilisha pande zote mbili. Funua kidogo mpira wa silinda ya gurudumu. Kukiwa na majimaji, silinda imekwisha, na lainingi iliyokunywa oili ya breki haisafishiki. Kipenyo cha mwisho cha dramu kimechongwa juu yake, kwa hiyo usikubali kuchongewa kupita hapo.

Kazi yenyewe ni ajasta. Ifungue, isugue kwa brashi ya waya, paka grisi ya joto kali kidogo kwenye uzi wake, na kidogo tu pale shuu zinaposugua bamba. Ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazopingana. Ukizibadilishana pande, kila ajasta inapofanya kazi italegeza badala ya kukaza, kwa hiyo fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Rudisha dramu, ishike kwa nati mbili. Zungusha meno mpaka isizunguke kabisa, kisha rudisha meno 8 hivi. Kanyaga breki mara kadhaa shuu zikae katikati, zungusha tena. Mkwaruzo hafifu si kitu. Dramu ikizunguka kwa uzito, ni kosa. Pande zote ziwe sawa, la sivyo gari litavuta.

Hapo ndipo uguse kebo. Handbreki ishike kati ya tiki 5 na 8. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu. Jaribu kwenye barabara tupu, si kwenye mteremko wa feri ya Likoni na mkokoteni nyuma yako. Ukirudi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu la nyuma: linalochoma limekazwa mno, lirudishie jino moja au mawili.

Baada ya hapo ivute handbreki kila siku, maana kwenye Corolla hizo ndiyo inayoendesha ajasta. Ila usiku wa masika, au gari likitoka kuoshwa, liache kwenye gia na kabari. Shuu zilizolowa zikilala zimebana dramu, asubuhi zimeshikana kwa kutu.