Moscow chini ya ardhi: kutoka Okhotny Ryad hadi Kuntsevskaya

Kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022, kwa hiyo nilinunua kadi ya metro, Troika, kwa rubli taslimu pale Okhotny Ryad. Ukitoka nje ya kituo hiki unakutana na jengo la Bunge, ambamo mwaka 2017 ilipitishwa sheria ya kulegeza adhabu ya kipigo cha nyumbani. Anayempiga mkewe kwa mara ya kwanza bila kumjeruhi vibaya hashtakiwi tena kwa jinai. Hutozwa faini ya rubli 5,000 hadi 30,000, au hufungwa siku 10 hadi 15, au hupewa kazi za lazima. Faini ndiyo nyepesi, na pesa yake hutoka mfuko uleule wa nyumba.

Kwa miguu, chini kwa chini, nilifika Ploshchad Revolyutsii, kituo cha mwaka 1938 chenye sanamu 76 za shaba. Abiria husugua pua ya mbwa wa askari wa mpakani ili wapate bahati. Mimi nilikwenda kuwatazama wanawake: mfugaji na kuku wake, mwanafunzi na kitabu chake, mwenye bunduki. Waliochongwa wamepewa kazi nyingi kuliko walio hai.

Amri ya serikali namba 162 ya mwaka 2000 iliwafungia wanawake kazi 456, kuendesha treni za metro ikiwemo. Sababu iliyotajwa ni kulinda uzazi. Ajabu yake, kukesha kwenye kibanda cha vioo chini ya ngazi za umeme, humohumo ardhini, hakukuonekana hatari. Vibandani walijaa akina mama. Anna Klevets, mwanafunzi wa sheria aliyetaka kazi kwenye metro ya St Petersburg, alishindwa kesi katika Mahakama ya Juu ya Urusi mwaka 2009. Svetlana Medvedeva wa Samara, aliyenyimwa usukani wa meli, alipata haki mwaka 2017, baada ya kamati ya Umoja wa Mataifa kumuunga mkono.

Kutoka hapo panda laini namba 3 kituo kimoja tu, hadi Arbatskaya, kisha fuata vibao vya Aleksandrovsky Sad, mwanzo wa laini namba 4 iendayo Kuntsevskaya. Wageni hupotea hapa: laini zote mbili zina Arbatskaya na Smolenskaya, na vituo hivyo vya majina sawa havikuunganishwa. Soma pia kibao cha mbele ya treni, kwani nyingine hukata kuelekea Moskva-City, mtaa wa maghorofa marefu ya ofisi.

Laini namba 4 ndiyo waliyoanzia madereva 12 wa kike, Januari 2021, orodha ya kazi walizokatazwa wanawake ilipopunguzwa hadi kazi 100. Wakubwa wa metro walisema treni mpya zimepunguza kazi ya nguvu. Lakini enzi za Kisovieti wanawake waliendesha treni nzito zaidi, mpaka metro ilipoacha kuwaajiri miaka ya 1980.

Treni ikienda nje ya mji, vituo hutangazwa kwa sauti ya kike. Ikirudi katikati, ya kiume. Wenyeji wana njia ya kukumbuka: bosi anakuita kazini, mke anakuita nyumbani. Baada ya Kievskaya reli hutoka juani, na ukisimama mwisho wa jukwaa unamwona vizuri aliyeko kwenye chumba cha dereva. Katika orodha ile ya 2021, kuchimba chini ya ardhi migodini kulibaki marufuku kwa mwanamke.