Stata nimebadilisha mwenyewe, hapa hapa uani

Toyota IST yangu ukiipiga ufunguo ilikuwa inajibu "tak!" moja, kisha kimya. Taa za dashibodi hazififii, honi inalia vizuri, betri inasoma volti 12.6. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Fundi wa mtaani alishaanza kuniuzia betri mpya; nikamwambia asante kaka.

Nikashuka Kariakoo, mitaa ya Gerezani jijini Dar es Salaam, kutafuta stata ya mtumba. Usilipe kabla hawajaijaribu mbele yako: wanaikanyaga chini kwa mguu, wanaunga nyaya za betri, na kile kigia kinatakiwa kiruke mbele kikizunguka kwa kasi. Ya kwanza ilizunguka kichovu, nikaikataa.

Nyumbani kwanza spana namba 10, vua waya wa hasi wa betri. Hili halina mjadala: waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa bodi utaona cheche za kuchomelea. Waya huo una nati namba 12. Ule mwembamba unabonyeza klipu tu.

Kisha bolti mbili za namba 14 zinazoishika stata. Ya chini ilitii. Ya juu, Mungu wangu! Haionekani, unapapasa kwa vidole, na kutu imeing'ang'ania. Nikapulizia dawa ya kutu, nikanywa chai, nikarudi na ekstensheni ndefu, kile chuma cha kurefusha spana. Ikalia "kwii", ikaachia.

Nyaya nilizisugua kwa msasa kabla ya kufunga. Hasi ikarudi mwisho. Ufunguo mara moja, gari likawaka, na mama watoto tayari ana orodha ya sokoni.