Njala yako iko wapi?

Jumapili mjomba alisema neno moja, akamaliza chai yake, akaomba sukari ya pili (mnajua daktari alisema nini, na mnajua nani atalaumiwa), akachukua kofia yake akaenda. Yeye amelisahau. Mimi nimelala nalo wiki nzima.

Nianze na alichokikuta mezani. Lile kopo la filamu ya kamera nililowapigia kelele tangu Pasaka limefika. Binamu amelitoa Ubelgiji ndani ya mkoba wa mkononi, na kila uwanja wa ndege amebishana na watu wa mashine za kukagua mizigo (mionzi yake inaharibu filamu) mpaka wakalikagua kwa mkono. Fomapan 400, inayotengenezwa Hradec Králové kule Jamhuri ya Cheki, mita 30.5 za filamu zikiwa gombo moja, bila kaseti, yaani kile kikopo kidogo kinachoingia kwenye kamera. Ukikata bila ubadhirifu unapata kaseti 18 za picha 36, na kipande kidogo cha kujaribia. Hapa Lubumbashi, ambapo filamu mojamoja inamfuata msafiri na huruma yake, kopo kama hilo ni akiba ya mwaka.

Giza linahitajika mara moja tu, unapotoa gombo kwenye kopo na kulipachika ndani ya kisanduku cheusi cha kujazia. Hilo nililifanya usiku, bafuni, mtaa mzima ukiwa hauna umeme, na kwa mara ya kwanza sikumtukana mtu. Baada ya hapo kazi inafanyika mchana, sebuleni, watoto wakipita. Mwisho wa filamu unachungulia nje. Naunganisha na ule ulimi wa filamu kuukuu ulioachwa kwenye mdomo wa kaseti (kaseti zangu ni za kuokota, za maabara ya picha iliyofungwa mjini), utepe mbele na nyuma, umenyooka, maana ukienda upande unakwaruza. Nafunga kifuniko, nazungusha mpini, namba zinapanda kwenye kijidirisha. Kazi kubwa ni usafi. Mdomo wa kaseti una mahameli ya kuzuia mwanga, na vumbi letu jekundu la kiangazi linapenda mahameli. Punje moja ya mchanga ikikaa pale, inachora mstari kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, katikati ya nyuso za watu.

Kwa aliyeniuliza kuhusu kaseti zisizo na ile michoro ya miraba ubavuni, inayoiambia kamera kasi ya filamu (wepesi wake wa kupokea mwanga): kamera yangu ni Pentax K1000, haisomi michoro, kasi naiweka mwenyewe kwa kidole. Kamera za otomatiki ndizo zinazopata shida, nyingi hudhani umeweka filamu ya kasi 100.

Basi. Mjomba akaingia kutoka misani, akakaa kiti chake, akageuza sikio. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, kwa hiyo siku hizi anaangalia kwa masikio.

“Unafanya nini, mama?” Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

“Najaza kaseti, mjomba.”

“Weye mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Akanyamaza. Nilidhani anajiandaa kunisifu, niseme ukweli, nilikuwa nimeshanyoosha shingo. Akasema: “Siye tulifanya ile juu ya njala. Weye, njala yako iko wapi?”

Ndiyo hayo tu.

Baba Exaucé, mume wangu, anasema mjomba alicheka aliposema. Hakucheka. Nilikuwa karibu yake, aliweka kikombe chini kwanza ndipo akasema, na mtu anayetania haweki kikombe chini. Au anaweka? Jumatatu kazini nilihesabu maboksi ya parasetamoli huku midomo inacheza, mpaka yule kijana wa usafi akaniuliza kama nasali. Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa, bosi mpya ameanza kazi, shemeji amerudi kutoka Kolwezi na masanduku yake yote bila kueleza kwa nini, na mimi katikati ya hayo yote niko na kikombe cha mzee.

Majibu ninayo sasa, mazuri, yamechelewa. Ningesema bei: ukinunua kwa kopo, kila picha inakuwa nafuu. Angeniuliza, na picha ya simu ni bei gani? Ningesema napenda kazi ya mikono. Angeniuliza kwa nini basi mashati ya mume wangu anapiga pasi dada wa kazi. Namjua. Kila jibu nikilitengeneza namsikia akilivunja, na sauti anayolivunjia ni ya upole, ndiyo inayoniuma.

Maana yeye hakuwa akicheza. Alikuwa na studio ya picha mtaani Kamalondo wakati wa Zaïre, chumba kimoja na pazia lenye mitende. Wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, walileta wake na watoto, na picha hizo zilisomesha mama yangu baada ya babu kufa. Nami hapa, na mshahara wangu, na simu yenye kamera tatu mgongoni, nazungusha mpini Jumapili mchana kwa raha zangu. Njala yangu iko wapi? Swali ni halali. Ningependa tu angeuliza mtu mwingine.

Alhamisi nilimpelekea matone yake ya macho nyumbani kwake Katuba. Kisanduku kilikuwa kwenye mfuko uleule wa dawa, usiniulize kwa nini. Mjomba akapapasa mfuko kabla sijakaa.

“Umekileta.”

Akakiweka mapajani, akakizunguka chote kwa vidole, akapata mpini, akauzungusha. Mara moja tu. Akauachia.

“Juzi ulikuwa unazungusha mbio. Nilisikia. Kiangazi hiki, hewa kavu hii, unaita radi.”

Ni kweli, nilikuwa nimesoma lakini sikuwahi kumsikia mtu akilisema kwa mdomo: hewa ikiwa kavu, filamu ikikimbia na kusuguana, umeme mdogo unaruka humo gizani, na ukiisafisha unakuta michirizi yenye matawi kama mizizi ya mti kwenye anga la picha yako. Yeye, Juni na Julai, alichemsha birika chumbani kabla ya kukata.

Ndipo akafunguka. Wao hawakuwa na kisanduku. Gombo lilikuwa kwenye kopo, kopo kwenye chumba cha giza, na kipimo kilikuwa mlango: msumari mmoja juu, mwingine chini, unashika mwisho wa filamu kwenye msumari wa juu, unashuka na kidole mpaka cha pili, unakata. Msumari wa picha 36, wa 20, na mmoja alioupigilia yeye mwenyewe, wa picha kumi. Mtu wa mgodi anakuja jioni, kesho saa kumi na mbili anatakiwa kupeleka picha ya kitambulisho. Ukimpiga kwenye filamu ya 36, utangoja wateja wengine waijaze, au utaitupa iliyobaki. Ya kumi inasafishwa usiku uleule.

“Na hiki chako,” akasema, akikigonga kisanduku kwa ukucha, “kinakula picha. Mwisho ule ulioungia mchana, umeona jua. Utapiga bibi arusi pale mwisho, utampa karatasi nyeusi.”

“Naacha picha mbili za mwisho, mjomba.”

“Giza langu halikula hata moja.”

Mngemwona! Kidevu juu, mzee wa miaka yake, anashindana na kipande cha plastiki. Nikacheka mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko wa bukari mkononi kuuliza nani amekufa. Na yeye akacheka, safari hii nina hakika, kikombe kikiwa mkononi.

Lile la njala hakulirudia na mimi sikuuliza. Nilipokuwa naondoka alinyoosha mkono akataka kaseti moja, ya kumi. Nikamjazia palepale, polepole, akiwa ameinamisha sikio. Akaitia mfuko wa koti. Kamera hana, aliuza ya mwisho kabla sijaolewa. Mke wake anasema anaizungusha vidoleni wakati wa habari za redio na ameshamkemea mjukuu aliyeigusa. Sijui ana mpango gani nayo, na Jumapili akija sitamuuliza.

Filamu ya kwanza nitaisafisha Jumamosi usiku, umeme ukiruhusu, maana asubuhi hizi maji ya bomba yanauma mikono na dawa yangu ya kusafishia filamu inataka nyuzi 20.

Jambo jingine, wenye uzoefu nisaidieni. Jirani wa nyuma ameanza kuchimba kisima ndani ya lupango lake, uani kwake, karibu kabisa na ukuta, na upande wetu wa ukuta huo ndipo ilipo fosi, yaani shimo la choo. Baba Exaucé anasema maji ya kisima yako chini sana, hayatafikiwa. Mimi nafanya kazi kwenye depo ya dawa, najua dawa ya kuhara inavyotoka msimu wa mvua ukianza. Mke wa huyo jirani ni mtu wa kuongea vizuri. Nafikiri nimwendee kesho asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kujenga ndani ya shimo.