Tangi namba 3 linavuja wapi?

Wiki hii hatukupika hata tone la bia. Mjomba alitaka tuwashe moto Alhamisi, nikamwomba aniachie siku zote nipime vyombo. Akakubali shingo upande. Kiwanda chetu ni cha familia, kidogo tu, hapa Industrial Area, Nairobi: sufuria moja kubwa, matangi manne na pampu inayolia kama mbuzi.

Nilianza na kipimajoto cha sufuria. Kila mtu humu anadai kinadanganya kwa sababu hakijawahi kufika 100, na binamu yangu alishaulizia bei ya kipya. Nikakitumbukiza kwenye barafu iliyopondwa na maji: 0 kamili. Kwenye maji yanayochemka: 94. Kizima kabisa! Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ndiyo maana tukifuata mapishi ya wazungu neno kwa neno uchungu wa bia unapwaya. Joto likipungua, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, nazo huuachia polepole. Pishi lijalo tutaongeza hopsi kidogo.

Haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, inasoma 1.002 kwenye maji safi ya nyuzi 20, badala ya 1.000. Nimeandika kwenye boksi lake: "toa 2", yaani 0.002.

Sasa tangi namba 3, lililoniumiza kichwa. Jumanne saa kumi na moja jioni nililijaza hewa ya kompresa hadi presha ya baa 1, nikafunga kila kitu. Asubuhi geji ikasoma 0.6. Mjomba akasema ni baridi ya Julai. Kweli baridi hushusha presha, lakini tangi lilitoka nyuzi 23 hadi 13, na hiyo ingekula kama 0.06 tu. Iliyobaki imepita mahali.

Nikapaka povu la sabuni kwenye valvu zote. Kimya. Nikahamia mlango wa tangi, na pale chini, karibu na bawaba, vipovu vikaanza kuchomoza kimoja kimoja, vidogo kama mayai ya samaki. Gasketi, ule mpira wa kuziba mlango, nilipoitoa ilikuwa ngumu kama ukucha, ina ufa mwembamba. Miaka ya kuoshwa kwa kostiki ya moto, ile dawa kali ya kusafishia matangi.

"Si ukakate mpira Kirinyaga Road, kwa wauza vipuri vya magari?" mjomba akauliza. Nikakataa. Mpira wa gari harufu yake ingeingia kwenye bia, na wateja wetu wana ndimi kali. Nilipata gasketi ya silikoni kwa muuza vipuri vya mitambo ya maziwa.

Ijumaa jioni, baa 1 tena. Leo asubuhi: 0.95.

Mjomba ameisoma geji mara mbili, akauliza kama sasa anaweza kuagiza kimea. Nimemwambia asubiri, valvu ya usalama bado sijaipima.