Gololi, betri na chupa ya barafu

Mpwa wangu wa kidato cha tano alikuwa amekariri fomula zote za vitu vinavyobingirika, lakini ukimuuliza kipi kitawahi kufika chini kikibingirika kwenye ubao ulioinama, gololi au betri kubwa ya redio, anatazama dari. Jirani yetu akamjibia: "Kizito ndicho kinawahi." Tena akatushauri tuuinue ubao sana ndipo tofauti ionekane.

Ushauri huo ulitumalizia jioni nzima. Ubao wenyewe ni mlango wa kabati la zamani, vanishi tupu. Tukauegemeza kwenye meza, tukaachia gololi, betri na pete niliyokatiwa kutoka bomba la chuma. Vyote vikafika karibu pamoja! Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikatia nukta kwenye pete, nikairekodi kwa simu. Pete ina kipenyo cha sentimita 5, kwa hiyo kila inapozunguka mara moja inatakiwa isonge karibu sentimita 16. Yetu ilikuwa imeshapita mbali na nukta haijamaliza hata duru. Inateleza, haibingiriki! Na vitu vikishateleza, mbio zao hukaribiana.

Nikaulaza ubao, kichwa chake juu ya vitabu viwili vitatu tu. Basi: gololi mbele, betri nyuma yake, pete mkiani, rudia utakavyo. Pete uzito wake wote uko ukingoni, hivyo nusu ya nishati yake ya mwendo inaliwa na kuzunguka. Betri ni kama theluthi, gololi ni sehemu 2 kati ya 7. Ukubwa na uzito havimo kabisa kwenye hesabu.

Jirani bado anabisha, nikaweka naye dau la soda. Chupa mbili laini za plastiki, maji kipimo kilekile, moja niliigandisha ikiwa wima. (Acha nafasi juu, barafu hutanuka kama asilimia 9, na ifute vizuri, ikilowa itateleza.) Akazipima mkononi, akakubali zinalingana. Ya maji ikaiacha ya barafu, maana plastiki inazunguka ila maji ndani yanashuka tu, hayazunguki nayo sana. Mpwa wangu akaipambanisha hiyo ya maji na gololi, gololi ikaachwa. Hilo alilieleza mwenyewe, bila fomula.

Gharama sikumbuki, labda gololi za mia tano. Soda bado nadai. Jirani anasema barafu ni hila.